Makocha wenzangu, akili nayo inafundishwa mazoezini

Naandika hii kwa makocha wa timu za mtaani na za shule hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Nyegezi, hasa nyie mnaoniuliza nimetokaje kwenye kufundisha mpira tu mpaka timu zingine zinaniita niwajenge vijana wao kiakili. Kilichonisukuma ni kitu ambacho kila kocha anakiona, kijana mazoezini ni moto, ila siku ya mechi uwanja wa Nyamagana watu wamejaa, akikosa pasi moja tu basi kipindi kizima hayupo, miguu inakimbia akili bado iko kwenye ile pasi.

Dawa yake nilikuja kuikuta kwenye besiboli, mchezo ambao huku kwetu hata hatuuchezi. Yaani Marekani mpigaji, yule anayeupiga mpira kwa gongo, akifanikiwa mara tatu kati ya kumi anahesabika mkali, mpigaji mmoja Ted Williams alimaliza msimu wa 1941 na wastani wa .406, ni kama mara nne kwa kumi, na mpaka leo anatajwa. Sasa mchezo ambao mkali wao anakosa kuliko anavyopata, ukifundisha mikono ukaacha akili umefundisha nusu. Ndo maana kulikuwa na mtu kama Ken Ravizza, mwalimu wa saikolojia ya michezo wa chuo cha Cal State Fullerton, alifanya kazi na timu ya besiboli ya chuo na baadae timu ya kulipwa ya Chicago Cubs, hao waliobeba ubingwa 2016 baada ya kuusubiri tangu 1908. Alikuwa na kichoo kidogo cha kuchezea, mchezaji akiharibu anaenda anaflashi, kosa limeenda na maji, anarudi kwenye mpira unaofuata.

Kwa vijana wangu kipa akifungwa anagusa nguzo ya goli, anashusha pumzi taratibu, anamwita beki wake kwa jina, basi, tunaendelea. Winga wangu yeye anavuta soksi. Kila mtu achague kitendo chake cha kusahau kosa, usimchagulie, na akifanye kila siku ya mazoezi, maana asipokizoea Jumanne, Jumamosi hakikumbuki.

Afu tengeneza presha. Penati zipigwe mwisho wa mazoezi miguu imeshachoka, wenzake wamsimamie pembeni wamzomee, na kila mmoja apige moja tu kama kwenye mechi, sio kumi kumi. Hotuba ndefu kabla ya mechi achana nazo. Na kumtukana mtoto mbele ya wazazi wake, hapo sina uvumilivu kabisa, wanasema eti inamkomaza, wakati kinachotokea ni anajificha nyuma ya beki ili asipewe mpira.

Ukitaka kuingia kwenye kazi hii usikimbilie kujiita mtaalamu. Anza na timu yako, weka daftari, andika nani akikosea anafanyaje na anachukua muda gani kurudi mchezoni. Mimi walioanza kuniita ni timu ya netiboli ya shule, waliona vijana wangu wakifungwa wanatulia, malipo yalikuwa nauli ya daladala na nilienda kwa moyo wote.

Na ujue mwisho wa kazi yako. Kijana hapati usingizi, hataki kula, kajitenga, anasema hataki kuishi, hapo sio kazi ya kocha tena, kaa na mzazi wake mwende hospitali, Bugando wana huduma ya afya ya akili, nendeni mapema, na mwambie kijana namba yake kwenye timu ipo palepale.