Jibu kwa mama wa Kisasa: miezi tisa hatambai, na kutwa yuko na dada

Mdogo wangu, pole na hongera kwa pamoja. Kwa watakaoanzia hapa: mleta mada yuko Kisasa, Dodoma, na huyu ni mtoto wake wa kwanza. Ana miezi tisa. Anakaa mwenyewe bila kushikwa, anacheka, anasema "bababa" siku nzima, ila hatambai. Wa jirani, aliyezaliwa wiki moja naye, anasimama kwa kushika kochi. Mama mkwe anasema mtoto hakunyooshwa viungo. Programu ya simu nayo kila wiki inamkumbusha kwamba mtoto "sasa anapaswa" kufanya hiki na kile. Juu ya yote, mama amerudi kazini, mtoto anashinda na dada wa kazi, na mama anaogopa mtoto atakuja kumpenda dada kuliko yeye.

Nina watoto watatu, na kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupima makuzi ya watoto kwenye tafiti, hapa mjini na wilaya za Bahi na Chamwino. Mimi si daktari. Nakaa kwenye mkeka na mtoto na mama yake, natoa vifaa kwenye boksi, naandika anachofanya. Hilo limenifundisha kitu ambacho wazazi wengi hawaambiwi: namba za makuzi zilipatikana kwa kuwaangalia watoto walianza lini, hakuna aliyekaa mezani akapanga waanze lini.

Chukua hilo la kutambaa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilifuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, likatoa matokeo mwaka 2006. Kutambaa kwa mikono na magoti kulianza popote kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu. Kutembea peke yake, kuanzia miezi 8 hadi 17 na nusu. Wote hao ni watoto wazima kabisa. Na wako kama 4 katika kila 100 ambao hawakutambaa hivyo hata siku moja. Wangu wa pili alikuwa wa namna hiyo. Alisota kwa makalio, mguu mmoja kaukunja chini yake, anajivuta kwa kisigino cha mwingine, hadi suruali zake zote zikatoboka upande mmoja. Baadaye akashika ndoo, akasimama, akaendelea na maisha yake.

Programu ya simu mara nyingi inakupa umri wa katikati. Maana ya umri wa katikati ni kwamba nusu ya watoto wanakuja baada yake. Kwa hiyo kila wiki inatisha nusu ya akina mama wa watoto wasio na tatizo lolote. Zima hizo jumbe.

Mama mkwe wako usimbeze, kuna ukweli ndani ya anachosema. Miaka ya 1970 mtafiti mmoja, Charles Super, aliishi na Wakipsigis wa Kenya akaona watoto wao wanawahi kukaa na kutembea kuliko wa Marekani. Sababu ilikuwa wazi: wazazi wanawafundisha kwa makusudi. Mtoto anakalishwa kwenye kishimo kilichochimbwa chini ili asianguke, anashikwa mikono na kutembezwa. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwawahi wenzao. Kwa hiyo ndiyo, mazoezi yanasogeza tarehe. Bibi akitaka kumnyoosha kwa mikono laini na mafuta, mwache, mtoto anafurahi kuguswa. Ila kuwahi au kuchelewa ndani ya muda huo si kipimo cha akili, na wala si ushahidi kwamba wewe ni mama mzembe.

Muulize dada jambo moja: mtoto anashinda wapi? Vumbi la Dodoma tunalijua, wengi tunaogopa kuwaweka chini, wanaishia mgongoni, kitandani au kwenye kiti. Hapo hana pa kujaribia. Tandika mkeka sebuleni, mlaze kwa tumbo akiwa macho, weka kifuniko cha sufuria mbali kidogo na mkono wake, kaeni naye. Kigari cha magurudumu cha kumsimamisha usinunue, hata ukikutana nacho kwa bei ya kutupa. Hakimwahishi kutembea, na kinaumiza watoto kiasi kwamba Kanada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004.

Halafu usimhukumu kwa siku moja. Bahi nilikaa na mtoto mmoja aliyegoma kila kitu. Nilimpa vijiti na kikombe avitumbukize, akaniangalia tu kama hajawahi kuona kikombe. Mama yake akawa amekwisha, anajieleza kwamba nyumbani anaweza. Nikafunga karatasi, nikaanza kurudisha vitu kwenye boksi. Mtoto akasogea, akachukua vijiti kimoja kimoja, akavitia vyote kwenye kikombe, akanipa. Mgeni alikuwa ameacha kumtazama, basi.

Sasa hili la dada, ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi hasa.

Mary Ainsworth, mwanasaikolojia ambaye kazi zake zimejenga sehemu kubwa ya tunachojua kuhusu mtoto kushikamana na mzazi, alianzia Uganda mwaka 1954, akiwatembelea akina mama wa Kiganda majumbani kwao. Aliona watoto wakishikamana na mama na wakati huohuo na baba, bibi na watu wengine wa nyumbani. Mwaka 1964 utafiti wa Glasgow, Uskoti, ukaonyesha vilevile: wakifika mwaka na nusu, wengi walikuwa na zaidi ya mtu mmoja wa moyoni. Moyo wa mtoto hauna kiti kimoja ambacho dada akikikalia wewe unasimama. Na Marekani kuanzia 1991 walifuatilia watoto zaidi ya 1,300 kujua kama kulelewa na mtu mwingine mama akiwa kazini kunavunja uhusiano wao. Peke yake hakukuvunja. Kilichobeba uzito ni jinsi mama anavyomjibu mtoto wake wanapokuwa pamoja, na hatari ilionekana pale malezi hafifu huko anakoshinda yalipokutana na mama asiyemsikiliza nyumbani. Kwa hiyo dada anayemwimbia, anayemwitikia, ambaye mtoto anamkimbilia, ni baraka. Mlipe kwa wakati, mheshimu, usimbadilishe ovyo.

Mmoja hapo juu ameleta habari za vituo vya watoto yatima vya Romania, ambako watoto waliokosa mlezi wao wenyewe waliumia kimakuzi. Utafiti ule ni wa kweli na unaumiza, lakini wale watoto walikuwa wengi mno kwa walezi wachache waliokuwa wakipokezana zamu, wakilia hakuna anayekuja. Si haki kumtishia nao mama anayerudi saa kumi na moja jioni na kumkumbatia mwanawe.

Utakuwa umeona pia ile video ambayo mama anacheza na mtoto, halafu ghafla anakausha uso, hatabasamu, hajibu kitu. Mtoto anajaribu kila mbinu: anatabasamu, ananyoosha kidole, anapiga kelele, mwisho anageuza uso na kulia. Ni jaribio la mtafiti Edward Tronick la miaka ya 1970, na watu wanalisambaza kuwatia hofu wazazi. Hawasemi sehemu nyingine ya kazi yake, ambayo natamani kila mzazi wa mtoto mchanga aijue. Tronick alipotazama akina mama wa kawaida wakicheza na watoto wao, waligundulika kuwa wanaelewana vizuri takribani asilimia 30 tu ya muda. Muda uliobaki ni kupishana: mtoto anataka hiki, mama anadhani kile, anakosea, anarekebisha, wanakutana tena. Na huko kurudiana ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mambo yakiharibika yanatengenezeka. Kwa hiyo jioni uliyochoka ukamwogesha bila kuongea naye, kesho ukamwimbia, hujaharibu kitu. Mnyonyeshe ukifika, mwogeshe wewe, mweleze ulichofanya siku nzima kwa Kiswahili au Kigogo, lugha yoyote iliyoko moyoni mwako, na akisema "bababa" mjibu kisha nyamaza umpe zamu. Simu ya katuni mwambie dada aiweke pembeni. Kabla ya mwaka mmoja WHO inashauri mtoto asiwekewe kabisa.

Kama wasiwasi wako unahitaji pa kwenda, uelekeze kwenye chakula. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu chini ya miaka mitano wamedumaa. Miezi tisa, maziwa yako yaendelee, na ale mara tatu hadi nne, isiwe uji mtupu: yai, dagaa, maharage yaliyopondwa, mlenda, mafuta kidogo. Unga wa lishe wenye karanga na mahindi chambua mwenyewe kabla ya kusaga, toa punje zenye ukungu na zilizosinyaa. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, iliwafanya watu 68 waugue Dodoma na Manyara, 20 wakafa. Hili si la kupuuza.

Yapo ya kukupeleka hospitali bila kusubiri kliniki ya mwezi: akishindwa kukaa hata kwa kushikiliwa, akilegea sana au kukakamaa, akitumia mkono wa upande mmoja tu, asipogeukia sauti, asipotazama nyuso za watu, au akipoteza kitu alichokuwa anakiweza. Hilo la mwisho usilingoje hata wiki. Kutotembea akifika miezi 18 nako kunahitaji kuangaliwa. Na aliyekushauri ukamng'oe "meno ya plastiki" au kumkata kimeo, usimsikilize. Yale ni machipukizi ya meno yake mwenyewe. Kuyang'oa kunaleta kutoka damu na maambukizi, na watoto wamekufa kwa hilo.

Kitu kimoja hukukiandika: alizaliwa akiwa na wiki ngapi? Maana kama alitangulia, tuseme wiki sita au nane, umri wake wa kupimia makuzi unahesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, na hiyo miezi tisa inakuwa saba na kitu. Angalia kwenye kadi yake ya kliniki, njoo utuambie, na uandike pia uzito wake wa miezi mitatu ya mwisho.