Barua kwa mwanangu hakimu

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeipata. Chama cha mpira kinataka uongoze kamati yao ya nidhamu, kwa posho, huku ukiendelea na uhakimu. Unaniuliza ubaya uko wapi, maana kote utakuwa unatoa haki.

Sikiliza kwanza kisa cha Kenesaw Mountain Landis. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alimteua kuwa jaji wa shirikisho Chicago mwaka 1905. (Jina hilo ni la mlima wa Georgia ambako baba yake, daktari wa jeshi, alijeruhiwa vitani.) Mwaka 1907 aliitoza kampuni ya Standard Oil ya Indiana faini ya dola 29,240,000 kwa kusafirisha mafuta kwa nauli ya upendeleo ya reli. Watu wakamshangilia. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikaifuta. Ndiyo ilikuwa tabia yake, hukumu za kishindo ambazo rufaa huja kuzitengua.

Sasa mpira wao, besiboli. Mwaka 1915 ligi changa ya Federal League iliwashtaki wakubwa wa mchezo huo mbele yake, ikidai wanahodhi soko. Landis aliikalia kesi mpaka mwisho wa mwaka bila kutoa hukumu, wenyewe wakapatana nje. Wenye timu hawakuusahau wema huo. Ilipolipuka kashfa ya wachezaji wa White Sox, timu ya Chicago, kuuza mechi za fainali za 1919, walimfuata hadi mahakamani kwake, Novemba 1920, wakampa ukamishna, yaani ukuu wa mchezo wote, kwa dola 50,000 kwa mwaka. Ujaji ulimlipa 7,500.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Yeye alizishika zote kwa zaidi ya mwaka! Aliomba tu wamkate hizo 7,500 kwenye mshahara wa besiboli, kana kwamba tatizo lilikuwa hesabu. Agosti 1921 jijini Chicago baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani liliwaona washtakiwa wa kashfa ile hawana hatia. Kesho yake Landis akawafungia maisha wachezaji 8. Kama kamishna aliweza. Lakini huyo huyo bado alikuwa jaji, na kazi ya jaji ni kuheshimu uamuzi wa baraza.

Mbunge Benjamin Welty alitaka ang'olewe ujaji, chama cha mawakili wa nchi nzima kikamkemea, na mwaka 1922 akajiuzulu ujaji. Besiboli aliishikilia hadi kufa, 1944, na miaka yote hiyo hakuna mchezaji mweusi aliyeingia ligi kuu. Nidhamu yake kali haikufika huko.

Kwako, mama, posho hainitishi sana. Kinachonitisha ni kwamba kijana utakayemfungia Jumamosi anaweza kuletwa mbele yako Jumatatu kwa kesi ya shamba, na kiongozi wa chama akawa shahidi wa upande wa pili. Utajitoa kwenye kesi ngapi, na wilaya yako ina mahakimu wangapi?

Mimi nasema kataa. Ila usiwajibu kwa simu. Waandikie, nakala mpe hakimu mfawidhi wako, na barua yao nitumie niisome.

Baba yako