Kwa walimu wapya wa fizikia: kitabu na meza husukumana

Wadogo zangu mlioripoti muhula huu, karibuni. Skimu zenu ziko sawa, maandalio ya somo mnaandika vizuri, hapo sina neno. Ila nimekaa nyuma ya madarasa ya Kidato cha Pili wakati wa sheria za Newton, na lile kosa tunalorithishana kuhusu sheria ya tatu limerudi tena.

1. Mwendo. Mtaani ni umbali ("sokoni ni mwendo wa nusu saa") na ni mbio pia ("punguza mwendo"). Mwanafunzi anaingia na maana zote mbili, basi mtenganishie mapema. Kisha mpeleke kwenye kipilefti: bodaboda inazunguka kwa kilomita 20 kwa saa, mshale wa spidomita hauchezi, na bado ina mchapuko (badiliko la kasi au la uelekeo wake) kwa sababu uelekeo unabadilika.

2. Nguvu. Semeni kani, yaani msukumo au mvuto. "Nguvu" imeshabebeshwa umeme, misuli na mamlaka.

3. Riaksheni. Hapa tukae. Sheria ya tatu ya Newton inasema kitu kikisukuma au kuvuta kingine, hicho kingine nacho hukisukuma au hukivuta kwa kani sawa, uelekeo kinyume; hiyo ndiyo jozi ya aksheni na riaksheni. Ubaoni kuna kitabu juu ya meza. Mshale wa chini: uzito. Mshale wa juu: kani ya meza. Pembeni mwalimu anaandika "aksheni na riaksheni". Tulifundishwa hivyo, tukafundisha hivyo, na ni kosa. Mishale yote miwili iko kwenye kitabu! Jozi ya Newton haikai kwenye kitu kimoja hata siku moja. Dunia inakivuta kitabu; mwenza wake ni kitabu kuivuta dunia. Meza inakisukuma kitabu. Mwenza wake ni kitabu kuisukuma meza. Uzito na kani ya meza vimelingana kwa kuwa kitabu kimetulia, basi. Kiweke kwenye sakafu ya lifti inayoanza kupanda: kani ya sakafu inazidi uzito, na sheria ya tatu iko palepale.

Maumivu huja baadaye. Katika kipindi cha mwalimu mmoja wa BTP (mazoezi ya kufundisha), binti alinyoosha mkono: "Mwalimu, kama punda na mkokoteni wanavutana kwa kani sawa, wanaondokaje?" Swali la dhahabu. Newton mwenyewe, katika kitabu chake cha 1687, aliandika juu ya farasi anayevuta jiwe lililofungwa kamba, kwamba jiwe nalo linamvuta farasi sawasawa. Mwalimu akajibu, "Punda ana nguvu zaidi." Binti akainama, akaandika. Niliumia, maana daftari lake sasa lina sheria ya tatu na kinyume chake kwenye ukurasa mmoja.

Jamani, chora mkokoteni peke yake. Punda anauvuta mbele, msuguano unaurudisha nyuma. Wa mbele ukizidi, unaondoka. Chora punda peke yake. Kwato zinaisukuma ardhi nyuma, ardhi inamsukuma yeye mbele. Kamwe usijumlishe kani zilizo kwenye vitu viwili.

Chanzo ni kule kusema "kila tendo lina jibu". Mtoto anasikia hodi na karibu: mmoja anaanza, mwingine anafuata. Tena ametoka kipindi cha kemia, ambako riaksheni ni mmenyuko, na zinki ndani ya asidi kweli ina kabla na baada. Katika mekanika hakuna wa kwanza. Kiswahili kimetupa kauli ya kutendana, itumieni: kitabu na meza vinasukumana, dunia na embe vinavutana. Embe ndilo linaloonekana kuanguka kwa sababu dunia ina tungamo la kilo kama milioni bilioni bilioni sita, na kani ileile haiichapushi kwa kiasi cha kuonekana.

4. Kabla ya jaribio, wape zoezi la kugeuza majina. "Dunia inakivuta kitabu" igeuke "kitabu kinaivuta dunia." Ikibidi kubadilisha kitenzi, au kuleta jina la tatu kama meza, hiyo si jozi, wakate mshale waanze upya.