Wiki mbili za soko: msamiati kwa watoto wa miaka minne hadi sita

Madarasa mengi ya awali yana chati ya soko ukutani: nyanya, vitunguu, mizani, muuzaji. Mwalimu anagusa picha, darasa zima linaitikia. Mwezi ukiisha sauti ni moja na safi, lakini mpeleke mtoto mmoja mbele ya genge la mboga umwulize anaona nini, utasikia "nyanya", kisha "hii" na "ile". Kuitikia kwa pamoja humficha asiyejua. Tena neno lililokaririwa peke yake halijawahi kupewa kazi. Masomo ya jamii ndiyo yanayolipa neno kazi, kwa sababu ndani yake kuna watu, mahali, vitu na shughuli inayowakutanisha.

Kaa na soko wiki mbili nzima. Ratiba ya Jumatatu familia, Jumanne soko, Jumatano usafiri inapendeza kwenye karatasi, ila mtoto hakutani na neno mara za kutosha kabla halijaondoka. Maneno manane kwa wiki yanatosha: majina matano, vitenzi viwili, sifa moja. Wiki ya kwanza inaweza kuwa fungu, tenga, mizani, muuzaji, mnunuzi, pima, panga, -bivu. Ya pili: mkungu, chane, gunia, mkulima, chenji, beba, punguza, -zito. Walimu wengi huandaa majina matupu, kumbe sifa na vitenzi ndivyo vinavyomwezesha mtoto kutoa sentensi. Na sifa isifundishwe peke yake: nyanya mbivu, embe bivu, maembe mabivu, mzigo mzito, gunia zito, magunia mazito. Mtoto aipate ikiwa imevaa nguo zake.

Vitenzi vina faida nyingine kubwa katika Kiswahili: vinazaa. Anayeuza ni muuzaji, anayenunua ni mnunuzi, anayelima ni mkulima, anayeshona ni mshonaji. Tumia dakika tano kila siku kwa mchezo huu: taja kazi, mtoto ataje mtu. Ukifika kwenye kuvua, wengi watasema "mvuaji". Usicheke wala usiseme amekosea, maana amekwisha gundua kanuni mwenyewe. Mwambie tu kwamba watu husema mvuvi. Kwenye kunyoa atasema "mnyoaji", nawe utamletea kinyozi, na hapo kuna zawadi ya ziada: kinyozi amekuja, si kinyozi kimekuja. Mafundi nao wana mtindo wao: fundi viatu, fundi cherehani, fundi baiskeli. Mtoto akiuona mtindo huo, atajitungia fundi wengine kumi kabla ya kengele.

Sokoni pia ndipo mahali pazuri kuliko pote pa neno -ngapi. Nyanya ngapi, mafungu mangapi, vitunguu vingapi, mikungu mingapi. Mtoto akisema "vitunguu ngapi", usimsimamishe arudie. Mjibu kama muuzaji: "Unataka vitunguu vingapi? Vitunguu vinne?" Amesikia umbo sahihi mara mbili, na mazungumzo hayajakatika. Anayesahihishwa kila sentensi hujifunza kunyamaza.

Ziara ifanyike siku ya tatu au ya nne, si ya kwanza, ili watoto waende na maneno ya kutafuta. Mwalimu atangulie peke yake azungumze na wauzaji watatu wenye subira. Epuka siku ya gulio na saa za kushusha mizigo. Saa nne asubuhi huwa pametulia. Mtu mzima mmoja kwa watoto watano. Kila kikundi kipewe kazi moja tu: hawa wanunue fungu moja la nyanya, wale waulize ndizi zimetoka wapi, wengine waangalie vitu vinapimwa kwa kutumia nini. Kazi zikiwa tatu kwa kikundi kimoja, hakuna inayofanyika. Darasa lenye watoto 60 haliendi sokoni, hilo tuseme wazi. Badala yake mwalike muuzaji mmoja aje na tenga lake, mizani na bidhaa za kweli. Mkungu mzima wa ndizi ukikatwa chane mbele ya watoto, wataelewa mkungu, chane na ndizi moja moja kwa namna ambayo picha haitawapa.

Kinachofuata ni duka la darasani. Tumia mafungu ya kokoto au mbegu, kopo la kupimia, na vifuniko vya chupa kuwa sarafu. Kifuniko kimoja, sarafu moja. Usianze na noti, kwani hesabu itameza lugha. Kosa la kawaida ni kumwachia mtoto msemaji awe muuzaji kila siku huku wakimya wakisimama foleni. Zungusha nafasi kila baada ya dakika nne au tano: muuzaji, mnunuzi, mbeba mizigo. Mpe kila mmoja sentensi za sokoni hasa, "Karibu mteja", "Nipunguzie", "Niongezee kidogo", "Chenji yangu iko wapi?" Zile za vitabuni, kama "Ninaomba kununua nyanya zako", hazisemwi na mtu yeyote, na watoto wanalijua hilo.

Mtoto akileta neno la nyumbani kwao, la Kisukuma au la Kichaga, lipokee kwanza, kisha weka la Kiswahili kando yake. Vivyo hivyo kwa maneno ya mahali: kuna wanaopima kwa sado na kuna wanaopima kwa gorogoro, yote makopo ya kupimia. Anza na lile la soko lililo karibu na shule. (Ukihamia mada ya familia utakutana na tatizo la kinyume: watoto wa mjini wenye anko na anti kwa kila mtu mzima, hawajui mjomba ni kaka wa mama na shangazi ni dada wa baba. Hapo utahitaji wiki mbili nyingine.)

Kupima maendeleo hakuhitaji mtihani. Chora daftari lenye safu tatu kwa kila mtoto: anaonyesha akiulizwa, anataja akiulizwa, anatumia bila kuulizwa. Sikiliza watoto watano kwa siku wakati wa mchezo wa duka, uweke alama. Maneno yaliyogota safu ya kwanza yarudishwe wiki inayofuata ndani ya mada mpya. Ukianza usafiri, gunia zito lipande kwenye mkokoteni, na mtu aulize limebebwa na nani.