Pumzi ikikata dakika ya 8, usirudi nyumbani. Punguza mwendo

Mkuu, umesema una wiki ya tatu tangu uanze mbio, na kila ukifika dakika ya 8 pumzi inakata, unasimama, unarudi nyumbani umekata tamaa. Unauliza ukaze au ukubali kwamba mwili wako si wa mbio. Usikubali bado. Mimi nimepita hapo hapo.

Njia yangu ilikuwa Coco Beach hadi mwisho wa Daraja la Tanzanite na kurudi. Asubuhi moja ya Januari nilichelewa kutoka, saa moja na nusu jua limeshapanda na upepo hakuna. Unalijua joto la Dar mwezi huo. Katikati ya daraja kichomi kikanibana ubavu wa kulia, nikashika kingo za daraja. Chuma kilikuwa kimelowa umande wa chumvi, kiganja kikanata. Nilikuwa nimeamua kutafuta bodaboda.

Akapita mzee mmoja, anakimbia polepole kiasi kwamba mtu anayetembea haraka angemfikia. Nikamwamkia kwa shida.

"Marahaba. Nani anakukimbiza, mwanangu? Twende mdogo mdogo."

Nikamfuata. Akawa ananiuliza maswali: naishi wapi, nafanya kazi gani, nina watoto wangapi. Nikishindwa kujibu, anapunguza tena. Nilidhani ni maongezi tu, kumbe alikuwa ananipima. Nguzo tatu za taa tunakimbia, moja tunatembea, hadi mwisho wa daraja, kisha tukageuza. Nilifika Coco nikiwa bado naongea.

Kwa hiyo jibu langu: kaza, ila unachokaza ni kutoacha, siyo kasi. Ukianza tu kukimbia, misuli inadai oksijeni nyingi papo hapo, wakati moyo na mapafu bado vinapanda taratibu kuifikia. Dakika hizo za mwanzo ni ngumu hata kwa wazoefu. Ukitoka kwa pupa, deni la oksijeni linakuwa kubwa na hufiki pale mwili unapotulia. Na kukiwa na joto, damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, moyo unapiga zaidi kwa mwendo ule ule. Toka saa kumi na moja na nusu alfajiri uone tofauti.

Kipimo chako kiwe mdomo. Kama huwezi kusema sentensi nzima, unakwenda mbio mno. Tembea, pumzi irudi, kimbia tena. Kutembea si kushindwa, tafadhali lishike hilo. Nilipokwenda Moshi kukimbia kilomita 21 za Kilimanjaro Marathon, mpando wa Mweka niliumaliza kwa mtindo huo huo wa kukimbia na kutembea.

Kuna mahali sikuambii ukaze. Kifua kikibana kwa maumivu, ukiona kizunguzungu, au ukisikia baridi huku jua linawaka, simama na uombe msaada. Maumivu ya goti au ya ugoko yanayoongezeka kila hatua nayo ni ya kupumzisha, siku kadhaa ikibidi. Miguu mizito na pumzi fupi, hizo ni zetu sote.

Kesho kutwa toka tena, dakika mbili unakimbia, moja unatembea, mara saba. Kisha rudi hapa utuambie dakika ya 8 ilikukuta ukiwa na hali gani.