Mkuu wa Lindi, hiyo injini isitoke kwenye fremu!

Acha kwanza. Kama hujamkabidhi fundi hiyo injini, usimkabidhi. Kama umeshamkabidhi, weka simu chini uifuate sasa hivi, hata kama mvua inanyesha Mitwero nzima.

Nimesoma uzi wako nikiwa nimesimama. Umekuta kile kipikipiki cha Honda Monkey, chenye usukani wa kukunja, kwenye stoo ya marehemu mjomba wako pale Mingoyo. Wanao wa miaka 9 na 12 hawalali. Umeuliza tairi, umeuliza rangi, umeuliza helmeti za watoto, halafu mwishoni kabisa ukatupia, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, kwamba fundi kasema injini imekufa, atakufungia mpya ya Mchina cc 110, na ya zamani ataichukua akupunguzie bei.

Hilo la mwisho ndilo swali. Hayo mengine mapambo.

Mimi niliambiwa maneno hayohayo hapa Mtwara, mwezi wa kumi na moja, hela ya korosho ikiwa mfukoni. Hela ya korosho mnaijua nyie watu wa kusini, ina kichaa chake. Ikikaa siku tatu bila kazi inaanza kujitafutia kazi yenyewe.

Nianzie nyuma kidogo ili ujue hanitumi mtu. Nimekulia Chikongola. Miaka ya 1980 Wafini wa mradi wa maji walikuwa hapa, na mtoto wa mmoja wao alikuwa na kipikipiki kama hicho chako, chekundu, akizunguka nacho Shangani jioni. Tulikuwa tunatoka Chikongola kwa miguu kwenda kukitazama tu. Kukipanda hatukuthubutu hata kuota. Akipita tunavuta harufu ya petroli, tunarudi nyumbani tunabana kipande cha boksi kwenye spoku za baiskeli ili ilie, na mimi baiskeli yenyewe haikuwa na mnyororo, ilikuwa inasukumwa. Nilimwomba mama kipikipiki. Akaniambia nikue kwanza. Nikakua. Sasa shida ya kipikipiki ni kwamba ukishakua hakikutoshi. Honda walianza kuvitengeneza mwaka 1961 kwa ajili ya bustani ya michezo iliyoitwa Tama Tech huko Japani, na jina la Monkey lilitokana na jinsi mtu mzima anavyoonekana akikikalia. Nimejiona kwenye kioo cha duka nikiwa juu yake. Hawakukosea.

Basi, nilipokipata changu, kwenye baraza ya nyumba moja Mikindani, kimeliwa na chumvi ya bahari, sikuuliza mara mbili. 180,000. Tukakibeba kwa bajaji, gurudumu la mbele linaning'inia nje. Kijana wangu alikuwa na miaka 11, dada yake 8. Jioni ile tukakiosha kwa sabuni ya unga na mswaki, na binti akachukua rangi ya kucha ya mama yake akachora nyota nyekundu kwenye kifuniko cha injini upande wa kushoto. Nilimgombeza. Ikumbuke hiyo nyota.

Tukapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Kimya. Ndipo shemeji yangu akasema, "Mimi nina fundi wangu." Shemeji naye ana kesi yake, lakini tumeoana ukoo, nitafanyaje.

Huyo fundi, na ninakuomba mkuu ulinganishe na wako, hakufungua kitu. Hakutoa hata plagi. Alipiga kiki mbili, akainamisha kichwa kama anasikiliza kaburi, akasema, "Bosi, hii imekufa. Spea zake hazipo nchi hii."

Uongo mtupu! Injini ya Monkey ni ukoo mmoja na Honda 50, ile Cub waliyoanza kuitoa mwaka 1958, ambayo wazee wetu wameendea Newala na Nachingwea mpaka ikachoka barabara. Platini (vile vidole vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche), kondensa (kikopo kidogo kinachofanya kazi na platini), ringi za pistoni, mafundi wazee bado wanavyo kwenye makopo ya maziwa. Na hiyo ya Mchina anayokuuzia imenakiliwa kutoka ukoo huohuo, ndiyo maana inaingia kwenye bolti zilezile mbili. Yaani anakuuzia mjukuu huku anakwambia babu hana ndugu.

Nikakubali. Injini 480,000 kutoka Dar, mzigo kwenye basi 15,000, ufundi 80,000. Ya zamani akasema, "Nakupunguzia thelathini, hiki ni chuma tu, nitakipeleka kwenye mizani." Nikamshukuru. Nilimshukuru, mkuu! Na soda nikamnunulia.

Tatizo la kwanza lilikuja usiku uleule. Umeme wa Monkey ya zamani ni volti 6, injini ile ilikuja na mfumo wake wa volti 12. Taa ya mbele iliwaka kama mtu anachomelea geti, ikafa. Hilo dogo.

La pili ni nguvu. Kile kidude kiliundwa kwa cc 49, na breki za ngoma ndogo kama kopo la kiwi. Ukiweka 110 kwenye fremu fupi namna ile, ukivuta mafuta gurudumu la mbele linaondoka ardhini. Nilikipeleka mwenyewe kwenye uwanja wa mchanga, watoto wamekaa pembeni na majirani wawili, nikavuta mafuta kidogo tu, naapa ni kidogo, nikajikuta natazama mawingu. Kipikipiki kikaendelea peke yake mpaka kwenye mkorosho. Mimi nilianguka vizuri, kwa heshima, watu wazima tuna namna yetu ya kuanguka. Kijana alicheka. Binti alilia. Kesho yake nikamwambia kijana apande, akasema ana kazi ya shule. Ilikuwa likizo.

Kikakaa chini ya turubai miezi minne. Kuku alitagia kwenye kiti.

Sasa subiri. Asubuhi moja niko kituo cha mafuta Mangamba, binti nimempakia nyuma ya pikipiki yangu ya kazini. Akaingia mzee mmoja na Honda 50 ya kijani, inanguruma taratibu, tu-tu-tu, laini kama cherehani. Binti akanivuta shati.

"Baba. Nyota yangu."

Nikageuka. Kifuniko cha kushoto, chini kidogo ya mguu wa mzee, nyota nyekundu, pembe moja imebanduka. Kabla sijajua niseme nini nikamwamkia. Shikamoo mzee. Marahaba njomba. Nikamsifia pikipiki. Akafurahi. Injini yake ya zamani ilikufa kweli, akasema, ila alipata hii kwa fundi mmoja, laki mbili na nusu, na wala haikuwa na ugonjwa. "Kabadilisha platini na kondensa tu, njomba. Nusu saa nilikuwa nimeshaondoka."

Nusu saa. Platini na kondensa. Piga hesabu mwenyewe, mimi nilishapiga pale nikiwa nimeshika bomba la mafuta mpaka yule dada wa pampu akaniuliza kama naumwa.

Nilimfuata fundi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono, akasema, "Bosi, si wewe mwenyewe uliyesema niichukue?" Nimeingizwa mjini mara nyingi maishani ila ile inauma mpaka leo, kwa sababu ni kweli nilisema. Na nasikia ameshahama. Natumaini hakuja Lindi.

Mzee sikumwomba arudishe, kosa lake nini? Lakini nilimsimulia, akacheka mpaka kofia ikadondoka, kisha akanipa ile injini yake iliyokufa bure, ilikuwa chini ya banda la kuku. Hiyo ndiyo tuliyoifungua na watoto, jikoni nje, juu ya mkeka, na hapo ndipo nilipojifunza kilichotakiwa kufanyika siku ya kwanza. Nakuandikia kirefu, samahani.

Toa plagi. Mwambie mtoto aweke kidole gumba kwenye tundu, wewe piga kiki kwa mkono. Kidole kikisukumwa kwa nguvu, pistoni na ringi bado zina maisha. Yetu ilisukuma. Kijana alirudia mara kumi, akasema injini inapiga chafya.

Halafu moto. Funga koki ya mafuta, ziba lile tundu kwa kitambaa, maana mvuke wa petroli na cheche si marafiki. Rudisha plagi kwenye kofia yake, ilaze ubavu wake uguse chuma cha injini mbali na tundu. Kamata mpira wa kofia, usishike chuma (mimi nilishika, mara mbili, ya pili kwa kuhakikisha). Zima taa. Piga kiki. Unatafuta cheche ya bluu.

Sisi hatukuona kitu. Giza tu na mbu. Basi tukafungua kifuniko cha kushoto. Gurudumu la magneti lina madirisha, ukilizungusha unaiona platini ndani. Ilikuwa imeota unga wa kijani na mweupe, chumvi ile ile inayokula mabati yetu huku pwani. Msasa laini, pitisha kidogo sana, futa kwa kitambaa chenye petroli, kisha ile nafasi inapofunguka iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Nafasi ya plagi 0.6 hadi 0.7. Kondensa nilinunua kwa fundi mzee mmoja, bei ya chai na chapati.

Usiku ule binti ndiye aliyezima taa. Kijana akapiga kiki. Ikaruka cheche ndogo ya bluu, tik, kama kiberiti cha sisimizi. Hakuna aliyesema neno. Kisha "tena!" Tena, na tena, mpaka mama yao akatoka kuuliza kwa nini tumekaa gizani na wageni wako sebuleni.

Kabureta ilikuwa na petroli ya zamani imegeuka gundi, jeti, kile kitundu kidogo cha kupitishia mafuta, imeziba. Tukaizibua kwa kupuliza, siyo kwa sindano, sindano inatanua tundu. Na bomba la moshi la Monkey yangu, lile la zamani, kijana alichokonoa na spoku likatema udongo: nyigu walijenga humo miaka. Kwa hiyo inawezekana kabisa injini yangu ya laki mbili na nusu ilikuwa na chumvi machoni na udongo puani, basi. Haikuwa hata maiti. Ilikuwa na mafua.

Kwangu sasa sheria ni moja na imeandikwa kwa mkaa ukutani: HAKUNA BOLTI YA INJINI INAYOFUNGULIWA KABLA YA KUONA MOTO WA PLAGI KWA MACHO. Macho yako wewe na wanao. Fundi akikataa kutoa plagi mbele yako, huyo hajaja kutengeneza, kaja kununua. Na kama ukiona moto upo, basi uliza mafuta, kisha uliza bomba, ndipo uanze kuota ndoto za injini ya Mchina. Ukiona haupo, umepata kazi ya Jumamosi moja na watoto, na pengine gharama haifiki elfu ishirini.

Mtu hapo juu ameandika kwamba 110 ni nzuri kwa sababu "watoto watakua nayo". Ndugu, wakue kwanza. Mtoto wa miaka 9 na hiyo 49 yenye gia tatu, klachi inajifanya yenyewe, anaenda kasi ya kutosha kumtisha mama yake, na breki zinamudu.

Injini ya 110 niliiuza kwa kijana wa Msijute, laki mbili. Jina la kijiji nililisoma kwenye ujumbe wake nikacheka peke yangu.

Tairi, ndiyo, uliuliza tairi. Ya asili ni 3.50-8. Za bajaji ni 4.00-8, rimu inaingia ila ni nene, hakikisha hazisugui mnyororo wala madigadi. Za toroli zenye namba hiyohiyo usithubutu, zile ni za kubeba mchanga. Rangi sikumbuki uliuliza nini, nitarudi kusoma.

Leo jioni toa plagi, mtoto mmoja azime taa. Ukiona rangi yoyote iruke pale, bluu, njano, nyeupe, njoo uandike hapa hata saa sita usiku. Nitakuwa macho.