Jibu: Bahasha ya Travancore, nikate stempu au niiache?

Ndugu yangu, hiyo stempu ya kome iliyochapwa kwenye bahasha yenyewe, usiikate kabisa. Ukikata unabaki na kipande cha karatasi tu. Ikiwa nzima, inaonyesha mihuri, anwani na njia iliyopita. Travancore, ufalme wa zamani kusini mwa India, ilikuwa na posta yake, iliyoitwa Anchal, na bei zilihesabiwa kwa chuckram, sarafu ya huko. Stempu zake za kwanza zilitoka 1888, na posta hiyo iliunganishwa na ya India 1951. Igeuze uangalie mgongoni. Ukikuta na stempu ya India ya Mwingereza, basi huenda barua ilivuka mpaka, maana stempu za Anchal hazikutumika kwa barua za India ya Mwingereza. Hizo mimi nazipenda mno! Wala usiiloweke, wino utachuja.